"Changanya vizuri", halafu ulie

Msomaji wa Kanyenye, Tabora, anauliza: "Nimetumiwa mapishi ya pai ya embe yenye kitu kama mchanga mchanga juu yake. Mmoja anakiita krambo, mwingine makombo, mwingine chengachenga. Kiswahili chake ni kipi? Na pai tunaichoma au tunaioka?" Mapishi yenyewe ameyaambatanisha: "Changanya unga, siagi na sukari vizuri. Changanya maembe na sukari. Weka kwenye chombo. Choma dakika 45. Itoe, tayari kwa kuliwa."

Ni chenga, au chengachenga ukitaka kuonyesha udogo wake. Anayenunua mchele wa Igunga sokoni anazijua chenga na anajua zinavyoshusha bei. Makombo ni mabaki ya chakula walichokwisha kula wengine. Mgeni akiambiwa pai yake imenyunyiziwa makombo, ana haki ya kuaga mapema. Krambo tuliache lipite. Kuhusu moto, pai huokwa, kwa sababu joto huizunguka ndani ya oveni au tanuri (neno tulilolipata kwa Waarabu). Kuchoma ni kukikabidhi kitu kwa moto wenyewe: mahindi, nyama, matofali. Mkulima wa Urambo akikwambia amechoma tumbaku yake bani, yaani kwenye banda la kuikaushia, mpe pole. Embe nalo lilitoka Bara Hindi na jina lake mkononi, Wamarathi wanaliita amba hadi leo, na miembe ikafuata njia ya misafara mpaka Tabora na Ujiji. Asili ya maneno imetosha.

Sasa tuje kwenye "changanya vizuri", ambalo hakuna aliyeniuliza.

Kitenzi hiki kimevamia mapishi ya Kiswahili kama magugu. Unga unachanganywa, mayai yanachanganywa, donge la maandazi linachanganywa, tui linachanganywa. Lakini mwambie mama yeyote wa Tabora "changanya ugali" uone atakavyokutazama. Ugali husongwa. Uji hukorogwa. Ukisonga uji utakosa cha kusonga, na ukikoroga ugali mwiko utakwama au utavunjika. Unga na maji ni vilevile, chungu ni kilekile, ila mkono unafanya kazi tofauti, na lugha imeipa kila kazi jina lake. Maziwa husukwa, donge la mkate hukandwa, unga huchekechwa, viazi hupondwa. Wanaojua haya yote kwa vinywa vyao wakishika kalamu kuandika mapishi wanapatwa na nini? Wanabaki na "changanya" na "weka", vitenzi viwili vya kuendeshea jiko zima.

Mngesema ni ukaidi wa mzee wa lugha. Basi angalieni hasara yake kwenye pai hii.

Chenga hutengenezwa kwa gramu 120 za unga wa ngano, gramu 80 za sukari na gramu 80 za siagi iliyotoka kwenye jokofu, ikakatwa vipande vidogo. Kazi inayotakiwa hapa ina jina: kufikicha. Unaishika siagi na unga kwa ncha za vidole, unafikicha kama unavyofikicha suke kavu, unaachia vidondoke bakulini, unarudia. Vikifikia ukubwa wa punje za mtama, na vingine vikubwa kidogo, unaacha. Siagi imebaki vipandevipande vilivyovikwa unga. Ndani ya oveni itayeyuka kila kipande mahali pake, na chenga zitakauka zikiwa zimeachana.

Mtu aliyeambiwa "changanya vizuri" hawezi kujua kwamba anatakiwa kuacha. Hilo "vizuri" ndilo sumu yenyewe. Ana adabu, anatii, anachanganya kwa kiganja mpaka mkono unapata joto, siagi inayeyuka, na bakulini kuna donge moja linalong'aa. Kwa joto la mwezi wa kumi Tabora, hata dakika tano hazifiki. Akilitandaza donge hilo juu ya embe linaiva kuwa kigae kigumu, mvuke wa matunda unakosa pa kutokea, na kilicho chini kinalowa. Kisha analaumiwa mpishi, au oveni. Ukiona siagi imeanza kulainika kabla hujamaliza, rudisha bakuli kwenye jokofu dakika 15, na unawe mikono kwa maji baridi.

Kitako cha pai kinaponzwa na kosa lilelile kwa njia nyingine. Gramu 200 za unga, gramu 100 za siagi baridi na nusu kijiko cha chai cha chumvi hufikichwa vilevile, halafu hunyunyiziwa maji baridi vijiko vitatu au vinne vya chakula na kukusanywa. Nimesema kukusanywa. Protini za ngano zikipata maji na kukandwa hushikana na kuvutika. Mkate unalitaka jambo hilo, kitako cha pai kinalikimbia, kwa sababu kitasinyaa chomboni na kuwa kigumu kama ganda. Donge lipumzike kwenye jokofu nusu saa, lisukumwe, litandazwe kwenye chombo cha upana wa sentimita 23, kisha liokwe peke yake kwa nyuzi 200 kwa dakika 15, likiwa limefunikwa karatasi yenye maharage makavu juu yake. Ukiruka hatua hii embe litakiloweka.

Kwenye embe, nakubali, "changanya" ni neno halali: vitu mbalimbali vinakutana na kila kimoja kinabaki na sura yake. Chukua dodo mbili au tatu kubwa zilizopiga rangi ila bado ngumu kidogo, umenye, ukate vipande vya sentimita mbili mpaka upate gramu 700. Embe lililoiva sana linageuka rojo, na yale madogo yenye nyuzi nyingi tuwaachie watoto wafyonze. Changanya (haya) na gramu 60 za sukari, maji ya ndimu moja, iliki kidogo na vijiko viwili vya chakula vya wanga wa mahindi. Ndimu si ya mapambo, embe likipata moto uchachu wake hufifia na utamu unabaki peke yake.

Mimina, nyunyiza chenga bila kuzishindilia, oka kwa nyuzi 190 dakika 40 hadi 45. Dalili ya kuiva ni juisi kutokota ukingoni, nzito, kwa sababu wanga haushiki mpaka uchemke. Chenga zikikimbilia kuwa kahawia kabla ya hapo, zifunike kwa karatasi ya foili. Wasio na oveni hupalia: sufuria nzito yenye mchanga chini, makaa machache chini yake, mengi juu ya mfuniko. Tazama kitenzi hicho, palia, jinsi kinavyobeba maelezo yote kwa silabi tatu.

Imebaki "itoe, tayari kwa kuliwa", ambayo nayo ni uongo. Ikiwa imetoka motoni pai hii haiko tayari kwa lolote: wanga hukamilisha kazi yake ukipoa, na ukikata mapema juisi inakimbia na chenga zinazama ndani yake. Ipue, iache saa mbili au tatu, ndipo ukate na kupakua. Kupakua pia ni kitenzi, na chenyewe hakijawahi kumdhuru mtu.