Ukipigiwa simu kuwa deni lako la chuo Marekani limefutwa

Tapeli wa mikopo ya wanafunzi Marekani haanzi kwa kuomba pesa. Anaanza kwa kukutaja jina, anataja chuo ulichosoma, kisha anakuharakisha: nafasi inafungwa leo jioni. Hapo ndipo anapotaka dola mia kadhaa za kushughulikia faili, pamoja na nenosiri lako la studentaid.gov, tovuti ya serikali ya Marekani ya mikopo ya wanafunzi. Pesa inauma, lakini nenosiri ndilo balaa lenyewe.

Akaunti hiyo ni saini yako kisheria. Akishaingia, anabadilisha anwani, barua pepe na namba ya simu ili kampuni inayosimamia mkopo isikupate. Kisha anaomba malipo yasimamishwe kwa muda. Wewe ukiona hudaiwi mwezi huo, unaamini kazi imefanyika na unaendelea kumtumia "malipo" yake, kumbe riba inapanda na hata senti moja haijagusa deni.

Msamaha wa kweli upo, na kuuomba ni bure. Unaojulikana zaidi ni PSLF, msamaha wa wanaofanya kazi za umma: uwe na mkopo wa aina ya Direct, yaani uliotolewa na serikali kuu yenyewe, ufanye kazi angalau saa 30 kwa wiki serikalini au kwenye shirika lisilo la faida, na utimize malipo 120 yanayokubalika. Ni miaka 10 hiyo, si wiki mbili. Wauguzi wetu walio katika hospitali zisizo za faida walitazame hili kwa makini. Chukua W-2 yako, ile fomu ya mshahara na kodi unayopewa na mwajiri kila mwaka, soma namba ya mwajiri kwenye kisanduku b, uiingize kwenye sehemu ya kutafuta waajiri ndani ya studentaid.gov. Jibu linatoka papo hapo. Anwani ya tovuti iandike mwenyewe. Usifuate kiungo cha kwenye ujumbe, hata uliorushwa na mtu wa kanisani kwenye WhatsApp. Mkopo wa benki binafsi haumo kabisa katika misamaha ya serikali, kwa hiyo anayekuahidi kuufuta kwa njia hiyo anakudanganya.

Sheria ya Marekani pia inakataza kampuni za kupunguza madeni zinazouza huduma kwa simu kutoza ada kabla ya kuleta matokeo.

Kama umeshatoa taarifa, anza na nenosiri: libadilishe, kisha rekebisha anwani na namba ya simu. Pigia kampuni inayosimamia mkopo, futa idhini yoyote aliyopewa mtu mwingine, na uliza kama malipo yamesimamishwa. Halafu nenda benki, zuia makato na upinge yaliyokwisha kukatwa. Ikiwa ulitoa namba ya Social Security, fungia rekodi zako za mikopo kwenye kampuni zinazozitunza, Equifax, Experian na TransUnion, zote tatu, hawatozi chochote. Ripoti kwa reportfraud.ftc.gov, tovuti ya serikali ya kupokea taarifa za utapeli.

Na asishangae mtu akipigiwa tena baadaye na "wakili" anayeahidi kurudisha pesa zilizoibwa, mradi umtangulizie ada kidogo. Mara nyingi ni genge lile lile, au limeuza namba yako kwa wenzao.