Mtoto Akiharisha, Kwanza Rudisha Maji

Hapa Mbagala, mtoto anayeharisha hupata waganga wengi kabla hajafikishwa zahanati: huyu atasema ni meno yanaota, yule atasema kabemendwa (yaani wazazi wamevunja miiko ya kunyonyesha), na mwingine atamwelekeza mama kwa mtu anayeng'oa "meno ya plastiki", yaani meno machanga yaliyo bado ndani ya fizi yanayosingiziwa kuleta kuharisha. Huyo wa mwisho aepukwe kabisa, kwani kumchimba fizi mtoto aliyeishiwa maji ni kumwongezea jeraha na maambukizi. Nimeuguza wanangu na wa dada yangu, na ninalowasisitizia wazazi wapya ni kwamba kinachoua ni maji na chumvi zinazotoka mwilini, hivyo kazi ya kwanza ni kuvirudisha, wala si kufunga choo. Dawa za kufunga choo mtoto hapewi.

Pakiti ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) ya lita moja huchanganywa yote kwa mara moja. Wengi humimina nusu kwenye glasi kwa kukadiria, ilhali chumvi ikizidi inaweza kumdhuru mtoto. Mimi hupimia chupa mbili za maji ya dukani za nusu lita, na kinachobaki baada ya saa 24 humwagwa. Pakiti ikikosekana usiku, changanya vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, katika lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa.

Mtoto wa chini ya miaka 2 anyweshwe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, mkubwa zaidi 100 hadi 200. Akitapika, subiri dakika kumi, kisha endelea kijiko kwa kijiko. Kazi hiyo inachosha, lakini ndiyo yenyewe. Anyonye na ale kama kawaida. Zahanati watakupa pia vidonge vya zinki, ambavyo humalizwa kwa siku 10 hadi 14 hata kama choo kimekaza siku ya tatu, na hapo ndipo wengi huviacha kabatini.

Choo kikiwa na damu, macho yakididimia, ngozi ya tumbo ukiifinya ikachelewa kurudi, au mtoto akilegea na kushindwa kunywa, usingoje kupambazuke: tafuta bajaji umwahishe hospitali, na kama bado anaweza kumeza, endelea kumnywesha mkiwa njiani.