Kuhakiki ISO ya Windows Server 2008 R2: heshi inayolingana haitoshi

Ndugu mwuliza swali, umesema umepata ISO (faili moja lenye nakala nzima ya diski ya usakinishaji) ya Windows Server 2008 R2, mfumo endeshi wa seva wa Microsoft, kwenye diski ya akiba ya zamani, na kwamba heshi yake ya SHA-1 (alama ya utambulisho inayokokotolewa kutoka kwenye maudhui ya faili) inalingana na uliyoikuta kwenye tovuti fulani, ukauliza kama hilo latosha kuiamini. Kwa uzoefu wangu wa kutunza seva za aina hiyo, swali la kwanza ni nani aliyeichapisha heshi hiyo. Heshi huthibitisha tu kwamba faili lako na lile alilolipima mchapishaji ni kitu kimoja. Ikiwa mchapishaji ndiye aliyelichezea faili, kulingana huko hakukupi kinga yoyote. Mwezi Februari 2016 tovuti ya Linux Mint, mfumo endeshi wa kompyuta, ilivamiwa na kiungo cha kupakulia kikaelekezwa kwenye ISO iliyopandikizwa mlango wa siri. Tangu hapo siiamini heshi iliyowekwa ukurasa mmoja na faili lenyewe, isipokuwa iwe na saini ya kidijitali ninayoweza kuihakiki kwa ufunguo nilioupata kwa njia nyingine.

Kwa mafaili ya Microsoft, heshi ninayoitegemea ni ile inayoonekana ndani ya akaunti ya usajili wa Visual Studio, zamani MSDN, au ya leseni za taasisi. Ukikosa akaunti, mwombe mwenye nayo akusomee. Kisha pima faili lako kwa amri ya Windows ya certutil -hashfile, ukitaja SHA1 au SHA256 kulingana na iliyochapishwa. Usiikatae SHA-1 kwa sababu ya habari za mwaka 2017, watafiti wa Google na wa kituo cha utafiti cha CWI cha Amsterdam walipotengeneza mafaili mawili tofauti yenye heshi moja. Wao waliyaunda yote mawili kwa pamoja; kutengeneza faili la kughushi lilingane na heshi iliyokwisha kuchapishwa ni kazi nyingine kabisa, ambayo hadi sasa haijulikani kuwahi kufanywa.

Wengi hukosea kwenye saini ya kidijitali. Hufungua ISO, hutazama sifa za setup.exe, huona saini ya Microsoft ni halali, na huridhika. Saini hiyo inalihusu faili hilo moja tu, ilhali mfumo wenyewe umo ndani ya install.wim kwenye folda ya sources, faili ambalo mtu anaweza kulifungua kwa DISM (zana ya Windows ya kuhariri mafaili kama hayo), akaongeza chochote, akalifunga tena bila kuigusa setup.exe. (Cheti kilichokwisha muda kisikutishe, kwa kuwa saini yenye muhuri wa wakati hubaki halali.) Ndiyo maana heshi ya ISO nzima ina uzito kuliko saini ya faili moja. Angalia pia kama kuna autounattend.xml (faili la majibu ya usakinishaji) au folda ya $OEM$ (ya mafaili ya kuongezwa): watu wa TEHAMA huviongeza kihalali ili usakinishaji ujiendeshe, lakini kwenye ISO inayodaiwa kuwa ya kiwandani havina sababu ya kuwepo. Nayo ISO kukubali ufunguo wa leseni si ushahidi wa chochote, maana iliyochezewa nayo huukubali.

Heshi isipolingana, usikimbilie kusema imechezewa. Lugha tofauti, toleo lenye SP1 (kifurushi cha kwanza cha masasisho) na lisilo nayo, au nakala iliyokatika wakati wa kupakuliwa, kila moja huleta heshi yake. Kwa hiyo linganisha kwanza jina kamili la toleo na ukubwa wa faili kwa baiti. Ukishindwa kuipata kwenye orodha yoyote rasmi, usiisakinishe hata kwa majaribio ndani ya mtandao wa kazi.

Hata ikithibitika kuwa halisi, msaada wa muda wa nyongeza (extended support) wa toleo hilo ulikoma tarehe 14 Januari 2020, hivyo iweke kwenye mashine pepe (kompyuta inayoigizwa na programu) isiyofikia intaneti, na kwa programu ile tu inayoihitaji.