Ile R ya Kimarekani ndo ya zamani, siyo ile ya Uingereza

Mkuu umeuliza kwa nini sirizi za enzi za zamani, hata zile za Warumi ambao Kiingereza hawakukijua kabisa, waigizaji wanaongea lafudhi ya Uingereza, na akitokea mmoja anaongea Kimarekani watu wanalalamika kaharibu kila kitu. Nijibu kwa nilivyoishi nayo, maana hili jambo sikuanza kulijua kwa kusoma, nililijua sebuleni kwa bibi mmoja.

Nilikuwa Yorkshire, kaskazini ya Uingereza, nafanya kazi ya kea, yaani unaenda kuhudumia wazee majumbani kwao. Huyo bibi nilipangiwa jioni, namsaidia chakula na dawa, tukimaliza tunakaa kwenye TV. Alikuwa anaipenda sana Downton Abbey, ile ya nyumba ya matajiri inayoanza 1912, na kwa sababu hadithi iko hukohuko Yorkshire basi anaisikiliza kama mtu anayesikiliza majirani zake. Anabonyeza rimoti, picha inasimama, ananiambia huyu ni wa kwetu. Anamsema Anna, yule mjakazi, na kweli Joanne Froggatt anayemcheza kazaliwa Yorkshire. Daisy wa jikoni hivohivo, Sophie McShera ni mtu wa Bradford. Mimi nilikuwa nasikia wote "wanaongea Kizungu" tu, tofauti nilikuwa siipati kabisa, mpaka akanifundisha neno moja, "bath". Wafanyakazi wa chini wenye asili ya pale wanalitamka na "a" fupi, ileile a ya mwisho kwenye neno letu baba, wa juu wanaivuta, "baath". Nikishaisikia mara moja basi, sikuweza tena kuacha kuisikia.

Sasa huyu bibi ujanani alikuwa anapokea simu kazini, miaka ya hamsini, na walimkalisha chini wakamfundisha kuivuta hiyo "a" maana wateja eti hawataki kusikia kijijini. Aliniambia hili bila hasira lakini aliniambia zaidi ya mara moja. Alivyokuwa akirudi nyumbani baba yake anamwambia hiyo sauti aiache mlangoni. Na siku moja nikiwa namkunjia blanketi simu ikalia, bibi ana miaka themanini na kitu, akapokea, na mtu mwingine akaongea. Sauti ikapanda, "a" zikarefuka, kila neno limepigwa pasi. Dakika mbili. Akaweka simu chini akanigeukia na "a" yake fupi akaniomba chai. Nilisimama na lile blanketi mkononi nikamwangalia, na hapo ndo nilielewa kwamba ile lafudhi tunayoiita "ya Uingereza" kwenye sirizi siyo lafudhi ya nchi, ni lafudhi ya daraja, wengi waliwekewa tu mdomoni.

Na siyo ya zamani kiasi hicho. Ilijijenga hasa karne ya 19 kwenye shule za bweni za watoto wa wakubwa. Mtaalamu wa matamshi Daniel Jones kwenye kamusi yake ya 1917 aliiita kabisa matamshi ya shule hizo, baadaye ndo likashika jina la Received Pronunciation, yaani matamshi yanayokubalika, halafu BBC iliyoanza 1922 ikaisambaza kwa redio. Kwa hiyo ukiangalia Bridgerton, hadithi inaanza 1813, wale vijana wote wanaongea kitu ambacho wakati huo kilikuwa bado kinapikwa.

Lakini kubwa zaidi ni R. Hili ndo linanikera nikisoma watu wanasema Mmarekani "hafai" enzi hizo. Mmarekani wa leo akisema "car" au "hard" ile R unaisikia, Mwingereza wa London anaimeza. Watu wanadhani Mmarekani kaiongeza. Hapana! Waingereza ndo waliidondosha. John Walker kwenye kamusi yake ya matamshi ya 1791 anaandika kwamba R ya London imelegea, yaani hapo ndo inaondoka, na huko mashambani kusini magharibi mwa Uingereza iliendelea kusikika miaka mingi sana baadaye. Sasa vita ya uhuru ya Marekani ilianza 1775. Ukiona sirizi ya vita hiyo, askari wa mfalme wote wanaongea kama wasoma habari wa BBC na waasi wote wanaongea kama watu wa Ohio wa leo, ule mpaka ni wa kwetu sisi tunaoangalia, wao wenyewe wakati ule walikuwa wanakaribiana sana kwa matamshi.

Halafu geuza upande wa pili uone inavyochanganya. The Gilded Age inasimulia matajiri wa New York 1882, na watu wanategemea R za Kimarekani kila mahali, kumbe matajiri wa New York zama hizo na hata baadaye walikuwa nao wanaimeza! Rais Franklin Roosevelt alikuwa wa familia hizohizo, sauti yake ipo imerekodiwa, hotuba ya Machi 1933 kuhusu kuogopa woga, sikiliza anavyoongea, R nyingi anazimeza. Ilikuja kugeuka baada ya vita ya pili ya dunia, R ikawa ndo heshima. Mtaalamu wa lugha William Labov mwaka 1962 alipita kwenye maduka makubwa matatu ya New York akiuliza wauzaji bidhaa fulani iko wapi, jibu akilijua tayari kuwa ni ghorofa ya nne, "fourth floor", ili tu asikie R zao. Duka la bei kali ndo lilikuwa na R nyingi, la bei chee chache.

Za Warumi nipite haraka. Walikuwa wanaongea Kilatini, kwa hiyo chochote utakachosikia ni tafsiri, na lafudhi ya Uingereza inapendwa kwa sababu inampa mtazamaji madaraja tayari bila kuelezwa, huyu bwana huyu mtumwa. Mimi naona Chernobyl ya 2019, ile sirizi ya ajali ya nyuklia, ndo waliamua vizuri kuliko wote. Wahusika ni watu wa Umoja wa Kisovieti, lakini waigizaji, wengi Waingereza, wakaachwa na lafudhi zao, Craig Mazin aliyeiandika alieleza kwamba mtu ukimpa lafudhi ya Kirusi anaishia kuigiza lafudhi. Nilivyoiangalia nilisahau kabisa wanaongea lugha gani, nikabaki na hofu tu.

Na sisi tusijione tuko pembeni. Tamthilia ikitengenezwa kuhusu Lamu ya 1880 wahusika wote wakaongea Kiswahili cha taarifa ya habari, ni kosa lilelile, maana Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa sanifu 1928 na kamati ya kukisimamia ikaanza 1930. Watu wa Lamu walikuwa na Kiamu chao, na bado wanacho.

Ukitaka kujizoeza sikio mkuu, chukua The Crown, ile sirizi ya Malkia Elizabeth wa Pili, sizoni ya kwanza, zima subtaito, msikilize Claire Foy anayemcheza Malkia anavyobana irabu. Hiyo ni kazi ya makini, maana hata Malkia mwenyewe alibadilika, kuna watafiti walipima hotuba zake za Krismasi za miaka ya 50 na za miaka ya 80 wakatoa matokeo 2000, irabu zake zilikuwa zimesogea kuelekea kwa watu wa kawaida. Ukitoka hapo rudi kwa Anna na Daisy, tega "bath".

Bibi alikuwa akifika kwenye sehemu ya Daisy anairudia pamoja naye kwa sauti, "a" fupi, mkono umeshika rimoti.