Nani Alikugeuzia Santuri?

Wiki iliyopita msomaji wangu mmoja, kijana wa Arusha, aliniandikia kwamba amenunua mashine ya santuri ya mtumba. Anataka kujua aanze na toleo gani la The Dark Side of the Moon, albamu ya bendi ya Kiingereza ya Pink Floyd, "ili wakongwe wasije wakanicheka." Nikacheka peke yangu, kisha nikanyamaza. Mimi wakongwe walishanicheka, na jambo lenyewe halijapoa moyoni.

Najua wengi wenu mna hamu ileile: rafu ya santuri ukutani, sindano isiyokwaruza, na watu wa kukesha nao mkibishania kinanda cha Richard Wright wa bendi hiyo. Basi nisikilizeni, maana haya hamtaambiwa na muuza santuri.

Hapa Birmingham kuna kikundi tunachokutana mara moja kwa mwezi katika chumba cha nyuma cha baa. Watu kumi na wawili hivi, wengi wao wastaafu, na mimi na juisi yangu ya machungwa. Santuri hupigwa nzima bila mtu kufungua mdomo, kisha kila mmoja husimulia alivyoisikia mara ya kwanza. Miezi sita nilikuwa nakwenda kusikiliza tu. Mwezi wa saba ikafika zamu ya Pink Floyd, nikasema leo na mimi nitazungumza. Nilijiandaa kama naenda kuposa.

Akaanza mzee mmoja mrefu, mkimya, aliyewahi kuwa dereva wa treni. Yeye aliwaona Rainbow Theatre, London, Februari 1972, zaidi ya mwaka mzima kabla albamu haijatoka. Wakati ule bendi ilikuwa bado inazijaribu nyimbo hizo jukwaani; studio ya Abbey Road waliingia baadaye, na santuri ikafika madukani Machi 1973. Akafuata mwingine na habari za saa: kwamba mlio wa saa nyingi kwa pamoja unaosikika katika albamu hiyo ni kazi ya Alan Parsons, fundi mitambo wa studio, aliyekwenda kwenye duka la saa za kale akazirekodi moja moja. Alikuwa na jaribio lake la sauti za spika nne, hakuwa na bendi akilini. Bendi waliposikia, wakazichukua.

Kisha akasema mama mmoja, na huyu ndiye aliyeniharibia, kwa sababu alisimulia vizuri mno. Alisimulia habari za Clare Torry, mwimbaji anayesikika katika albamu hiyo. Januari 1973, siku ya Jumapili, binti anaitwa studio kuimba wimbo usio na maneno. Anaambiwa unahusu kifo, basi. Anajaribu vijineno vya mapenzi kama waimbaji wa siku zile, anakatazwa. Ndipo anapoamua kuigeuza sauti yake iwe chombo, kama tarumbeta. Anapanda, anashuka, analia, anatulia. Analipwa paundi 30, anaondoka akidhani hawataitumia. Mwaka 2004 akaenda mahakamani, mwaka uliofuata wakapatana nje ya mahakama, na tangu hapo jina lake linaandikwa kando ya la Wright kama mtunzi. Paundi 30! Yule mama aliifuta miwani alipomaliza. Wanamuziki mnaonisoma, andikianeni mikataba kabla ya kufungua midomo, lakini hayo nitayarudia siku nyingine.

Ikafika zamu yangu.

Nikasema baba yangu alikuwa na santuri hiyo Mombasa. Nikasema nilikuwa nikikaa chini ya meza, mtoto wa miaka tisa, nikimsikiliza Clare Torry akiomboleza mpaka sauti inazama kabisa, na palepale, bila hata pumzi moja kupita, zinaanza kumwagika fedha za ule wimbo wa pesa, Money. Nikaeleza vizuri, na mikono nikaitumia. Nikaona vichwa vinatikisika, nikazidi kunogewa.

Yule dereva wa treni akaniangalia kwa upole kabisa. Akauliza, "Na nani alikugeuzia santuri?"

Kwa asiyejua: wimbo wa Clare Torry ndio wa mwisho upande wa kwanza. Ule wa pesa ndio unaofungua upande wa pili. Mwenye santuri lazima ainuke, anyanyue sindano, ageuze, apulize vumbi, arudi kukaa. Hakuna binadamu aliyekua na santuri ile akasikia nyimbo hizo mbili zimeungana. Chumba kizima kilicheka. Hawakunicheka kwa ubaya, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Nilimaliza juisi yangu, nikaaga, nikalikosa basi, nikatembea.

Kilichofuata ni upumbavu. Nilitafuta toleo la kwanza la Uingereza, lile lenye pembetatu ya buluu iliyojaa kwenye lebo ya katikati (matoleo ya baadaye yana mistari tu), nikalinunua kwa bei ambayo mke wangu hadi leo anajua nusu yake. Nililipata bila mabango na stika zilizokuwa zikija nazo. Nikaliweka kwenye rafu. Kila nikilitazama nasikia lile swali.

Kijana wa Arusha, jibu lako ni hili: usinunue ili usichekwe. Mimi nimenunua na bado nachekwa.

Sasa niwaambie ukweli ambao ningeusema siku ile. Baba yangu alisikiliza taarifa ya habari na mawaidha, basi. Aliyekuwa na muziki ni mjomba, baharia. Mwaka 1986 alirudi kutoka Hamburg na kaseti ya dakika 90 aliyorekodiwa na fundi mmoja wa melini. Upande mmoja wa kaseti ya namna hiyo ni dakika 45, na albamu ile ni kama 43, kwa hiyo ilienea nzima upande mmoja. Upande wa pili mjomba aliwatia Les Wanyika. Kwa hiyo nilichokumbuka mbele ya wale wazee kilikuwa kweli! Nyimbo zile mbili kwangu ziliungana. Ila palikuwa na mlio katikati, tak!, pale fundi alipobonyeza kitufe akageuza santuri yake. Mlio ule ndio nilioutoa kwenye hadithi, kwa kuwa ulinuka umaskini. Nilifuta kitu pekee kilichokuwa changu.

Na sisi watoto tulikuwa na mchezo wetu. Zile fedha zinazomwagika mwanzoni ni vipande vya utepe vilivyokatwa na kuunganishwa vikawa duara, milio saba, inazunguka. Tulishindana kuipigia makofi. Sisi tuliozoea mapigo manne manne ya rumba tulikuwa tunapotea kila mzunguko, na mjomba anacheka, "Hesabuni, wanangu, wazungu wameongeza tatu!" Na Clare Torry alipoanza, bibi alikuwa akitoka jikoni kuuliza nani amefiwa. Hakuna aliyemwambia wimbo unahusu kifo. Hata mjomba hakujua.

Basi ushauri wangu: sema chako. Ukikaa na wapenzi wa muziki huu, usiazime kumbukumbu za mtu wa London wakati una zako za Kariakoo. Kama uliusikia kwenye daladala, sema daladala. Kama uliupakua kwa simu ya mwenzako, sema simu ya mwenzako. Vijana siku hizi mnasoma mambo usiku mmoja, kesho mnasimulia kama mlikuwepo studio. Msifanye hivyo. Sema chako. Na usikilize kabla ya kusoma, kwa sababu ukishasoma utasikia yale uliyoyasoma tu. Nimesema mara ngapi? Nasema tena, sema chako.

Nilikaa miezi miwili bila kwenda. Mwezi uliopita nikarudi, nikaomba radhi, nikasimulia habari za kaseti kama nilivyowasimulia ninyi. Nikawaambia pia jinsi inavyokwisha: moyo unadunda, unadunda, unafifia, na pale zilipobaki dakika mbili mjomba alitegea redio akarekodi kipindi cha salamu, maana kwake utepe mtupu ulikuwa hasara. Basi kwangu mimi albamu ile haiishii kwenye moyo. Inaishia kwa mtu wa Voi.

Hakuna aliyecheka. Yule dereva wa treni akauliza mtu wa Voi alisema nini. Nikamtafsiria: anawasalimu wote wanaomfahamu, hasa wazazi wake, kisha anasema, na salamu za pekee zimfikie shemeji yangu...

"Shemeji gani?" akauliza.

Nikamwambia hapo ndipo utepe unapokwisha.