Fundi, gari likilala siku tano haliwaki

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Sakina hapa Arusha, nina Toyota IST naitumia wikiendi tu mana shule naenda kwa mguu. Jumapili jioni napaki, Jumamosi asubuhi nikigeuza funguo nasikia tik tik tik af taa za dashibodi zinafifia. Jirani akinibusti linawaka na natembea nalo siku nzima vizuri tu. Nimeshanunua betri mbili ndani ya miezi 8, ya kwanza nikaambiwa ilikua feki, sasa hii ya pili nayo imeanza yale yale na nimeambiwa ninunue ya tatu iliyo kubwa zaidi. Ninunue?

JIBU: Marahaba mwalimu. Usinunue, tafadhali, hiyo hela iweke kwanza. Betri mbili zikifa kwa namna moja kwenye gari moja mimi naacha kuangalia betri naanza kuangalia gari. Kuna kitu humo ndani hakilali, kinakunywa moto taratibu ukiwa umepaki, na ukiweka betri kubwa kitaimaliza vile vile ila kitachukua siku mbili tatu zaidi.

Lakini hayo ni maneno yangu, tupime. La kwanza halihitaji hata fundi. Peleka betri ikachajiwe mpaka ijae kabisa kwenye chaja (sio kwa kuendesha Sakina mpaka mjini na kurudi, safari fupi kama ile na foleni yake hairudishi moto uliopotea wiki nzima), ifunge kwenye gari ila ule waya wa hasi uache umechomolewa, iache ilale usiku mmoja ndo uipime volti, mana betri iliyotoka kwenye chaja muda huo huo inaonyesha juu kuliko ukweli. Ukiona 12.6 imejaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 nusu, ikifika 12.0 imebaki kidogo sana. Iache hivo hivo siku tano bila kuigusa. Ikibaki palepale au ikipungua kidogo tu, betri yako nzima na mwizi ni gari. Ikishuka yenyewe wakati haijaungwa na chochote, basi hapo ndo betri mbovu na waliokuambia ununue nyingine walikua sahihi. Rudisha waya, washa gari, pima tena: ukikuta kati ya 13.8 na 14.5 altaneta (ile inayochaji betri injini ikiunguruma) inafanya kazi.

Sasa kumtafuta mwizi. Unahitaji multimita (kipimo cha umeme), zile ndogo za digitali zinauzwa maduka ya umeme na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na betri. Zima kila kitu, toa funguo, fungua boneti, af loki za milango zibonyeze kwa bisibisi ili gari lijue imefungwa. Waya mwekundu wa mita uhamishie kwenye tundu la ampea 10, chomoa waya wa hasi wa betri, mita ikae katikati, ncha moja kwenye nguzo ya betri nyingine kwenye ule waya uliochomoa, ili moto wote unaotoka upite ndani ya mita. Usije ukaiweka mita ikiwa hivo kwenye chanya na hasi kwa pamoja, utaunguza fyuzi yake. Na usigeuze funguo wala usijaribu kupiga stata.

Hapa ndo wengi wanakosea, wanasoma namba ya kwanza wanashtuka. Gari likiunganishwa tu kompyuta zake zinaamka, namba inakua kubwa, inabidi usubiri nusu saa hivi zilale. Ikitulia chini ya ampea 0.05 gari lako halina shida. Tufanye hesabu, mwalimu: 0.05 mara masaa 24 ni ampea-saa (ampea mara masaa) 1.2 kwa siku, siku tano ni 6, kwa betri ya ampea-saa 40 haiwezi kukuzuia kuwasha. Ila balbu ndogo ya wati 5, ile ya kwenye buti, inakula kama ampea 0.4, kwa siku ni karibu 10, kwa hiyo Alhamisi jioni huna kitu. Na stata haisubiri betri iishe, ikifika nusu inaweza kuanza kugoma.

Ukikuta namba iko juu, chomoa fyuzi moja moja huku mwenzako anaangalia mita, ile ambayo ukiitoa namba inaanguka ndo njia ya mwizi, soma kwenye mfuniko inalisha nini. Fyuzi za ndani ya gari zikikulazimu kufungua mlango, loki ibaki imebonyezwa, usiamshe gari upya. Umezitoa zote za ndani na za kwenye injini na namba haijashuka? Mshuku altaneta, waya wake mnene unaenda karibu moja kwa moja kwenye betri, daiodi ya ndani (kile kipande kinachoruhusu moto upite upande mmoja tu) ikivuja moto unarudi humo usiku kucha na mchana bado inaweza kuchaji kama kawaida. Hiyo mwachie fundi umeme, na waya huo usiguswe kabla betri haijachomolewa.

Kwa IST yako mimi ningeanza na redio. Magari yetu yametoka Japani, redio zao FM inaanzia 76 na nyingi zinaishia 90, huku kwetu stesheni zinafika mpaka 108, kwa hiyo karibu kila mtu anabadilisha redio au anafungiwa kile kidude cha kuongeza masafa. Redio ina waya wa njano wa moto wa kudumu, wa kutunza saa na stesheni, na mwekundu unaopata moto ukigeuza funguo. Mfungaji mwenye haraka anazisokota pamoja, redio inapiga vizuri, wewe unafurahi, kumbe haizimiki kabisa usiku. Angalia pia alamu na traka kama vilifungwa baadae, kila kimoja kinakula kidogo ila vinajumlishana.

Buti usilipuuze. Nilihangaika siku mbili na Noah ya mama mmoja wa Njiro, nimechomoa fyuzi weee, mwisho nikaweka simu inarekodi video ndani ya buti nikafunga, kuja kutazama taa inawaka muda wote, swichi ya mlango ilikua imeliwa. Yule mama alishabadilisha betri mara tatu na alikua ameanza kutafuta mteja wa kumuuzia gari kwa hasara. Iliniuma sana, mana kila aliyemuuzia betri aliipima betri tu, hakuna aliyepima gari.

SWALI: Fundi, baba yangu yuko Marangu, ana pikapu ya zamani, kila jioni anachomoa terminali ya betri ili asubuhi iwake. Ina madhara?

JIBU: Pikapu ya zamani haina vingi vya kupoteza, ni saa na stesheni za redio. Shida ni terminali, ikifunguliwa kila siku inalegea na gari linaanza kukata moto njiani, kwa hiyo mfungie baba swichi ya kukata betri, ile ya kuzungusha, kwenye waya wa hasi. Asichomoe injini ikiwa inaunguruma, anaweza kuua altaneta. Na huko juu mwezi wa sita na wa saba baridi inapunguza nguvu ya betri, mwizi mdogo anaonekana mkubwa. Mpimie siku ukienda.

SWALI: Kaka fundi, mimi ni dereva wa utalii Arusha. Masika wageni hakuna, Land Cruiser inalala mwezi mzima, nikirudi betri zote mbili zimekufa na friji nilizima.

JIBU: Friji umezima, ila inveta je, ile inayogeuza moto wa betri uwe kama wa nyumbani? Inveta ikiwa imewashwa inakula moto hata kama hakuna simu wala kamera iliyochomekwa, na redio koo (ile ya kuongea na madereva wenzako) nayo mara nyingi imeungwa moja kwa moja kwenye betri. Zima inveta kwenye swichi yake, chomoa hasi za betri zote mbili ukiwa umeshazichaji zikajaa, af zipime kila baada ya wiki mbili na ikishuka 12.4 ichaji. Betri ikikaa tupu mwezi mzima sahani zake zinashika salfeti ngumu na hata ukiichaji hairudi kama mwanzo.