Re: Nyumba ya mnada wa benki, nianzie wapi?

Habari mkuu. Umeuliza kama ile nyumba ya Mbezi inayopigwa mnada na benki inafaa, maana bei iko chini. Achana na bei kwanza. Fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati za ardhi: rehani imesajiliwa? Mwenza wa mkopaji aliridhia? Kisha ulizia notisi ya siku 60 aliyopewa mdaiwa. Kama ilirukwa, kesi inakusubiri.

Mimi nilishinda mnada, nikaweka asilimia 25 palepale, salio ndani ya siku 14. Kwenda kuingia, nikamkuta mama mwenye nyumba anaanika dagaa uani, hana habari! Miezi saba mahakamani. Siku hizi napita jioni kuongea na waliomo, bila dalali.